Mwenye televisheni ni nani?

Wiki hii nawauliza: mwenye televisheni ni nani? Mtu ataniambia ni yule aliyeinunua. Sawa. Lakini nendeni katika nyumba zetu hapa mjini mkaone. Baba kanunua, mama anaipangusa vumbi kila asubuhi, lakini picha ikiharibika wote wanakaa kimya kumsubiri mtoto arudi shuleni. Mtoto akichelewa, anaitwa fundi. Fundi anabonyeza rimoti mara nne, anapokea fedha zake na kwenda zake. Hakufungua hata skrubu moja!

Televisheni za zamani zilikuwa na swichi za kuzungusha usoni, hii ya sauti, hii ya mwanga. Leo swichi hizo zimeingizwa ndani, katika orodha inayotokea kwenye kioo, yaani menyu. Na menyu, ndugu zangu, si mzimu. Ni nyumba yenye vyumba: cha picha, cha sauti, cha chaneli, na cha mipangilio ya chombo chenyewe. Mishale ya rimoti ndiyo miguu yako. OK ndiyo hodi. Kitufe cha kurudi nyuma ndio mlango wa kutokea, na ajuaye mlango wa kutokea haogopi kuingia.

Tuchukue mifano. Kioo kinaandika kwamba hakuna mawimbi. Wengi husema televisheni imekufa. Kumbe mara nyingi mtu kabonyeza kitufe cha SOURCE au INPUT, na sasa televisheni inangoja picha kwenye tundu lisilo na waya, huku king'amuzi kimechomekwa tundu jingine. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi zina rimoti mbili na menyu mbili. Rangi na mwanga vitafute kwenye menyu ya televisheni. Chaneli za king'amuzi zikipotea, zitafute kwenye menyu ya king'amuzi.

Mfano wa pili. Picha inachoma macho, na kila ukipunguza mwanga, baada ya muda unarudi ulivyokuwa. Huenda chombo ni kizima kabisa, ila kimeachwa katika hali ya dukani. Hali hiyo huongeza mwanga ili kumvuta mnunuzi, na katika televisheni nyingi hufuta yenyewe kila badiliko unalofanya. Ingia kwenye mipangilio, chagua hali ya nyumbani. Macho yatapumzika, na umeme wa LUKU nao utapumua, maana mwanga mkali wa kioo hula umeme.

Na zile sura za watu zilizopanuka kama maandazi? Hiyo ni picha ya kipimo cha 4 kwa 3 iliyovutwa ijaze kioo cha 16 kwa 9. Tafuta ukubwa wa picha, rekebisha, basi.

Jambo moja tu liendewe kwa hadhari: kurudisha mipangilio ya kiwandani. Hilo hufuta ulichopanga, hata chaneli ulizozihifadhi. Kabla ya kugusa lolote, andika kwenye karatasi namba ulizozikuta. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Mtasema menyu ni ya Kiingereza. Ni kweli, nyingi huja hivyo. Lakini zipo zenye Kiswahili katika orodha ya lugha. Basi kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe orodha hiyo. Kuuliza si ujinga, na fedha ni zako.

Nanyi vijana, bibi akiomba msaada, msimnyang'anye rimoti mkamaliza kazi kwa sekunde mbili. Iacheni mkononi mwake, abonyeze mwenyewe, mara ya kwanza hata ya tano. Mtu mzima aliyelea watoto na wajukuu hastahili kukosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku eti kwa sababu mjukuu hajarudi.