Parachichi za Njombe na Amana ya Gari la Baridi



Aliyepata kusimama bandarini Dar es Salaam wakati milango ya lori la baridi inapofunguliwa, akaziona parachichi za karibu na mlango zimekwisha kulainika na ngozi zake kuingia weusi, ilhali zile za mbele kabisa zingali ngumu na za kijani, atakuwa ameshuhudia chanzo cha ugomvi mkubwa baina ya mkulima, tajiri na dereva. Na lawama, aghalabu, humwangukia dereva, kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kuonekana na mzigo mkononi.

Madhumuni yangu ni kudhihirisha kwamba hukumu hiyo, mara nyingi, ni dhuluma. Mashine ya baridi iliyofungwa mbele ya bodi, ile ambayo asili yake ni kazi ya Mmarekani Frederick McKinley Jones, aliyebuni mwishoni mwa miaka ya 1930 mtambo wa kustahimili mitikisiko ya barabara, haikuundwa kulipoza tunda lenye moto, bali kuilinda baridi ya tunda lililokwisha kupozwa. Parachichi haiivi mtini. Huanza kuiva baada ya kuchumwa, na tangu saa ile huvuta pumzi na kutoa joto lake yenyewe, na kila hararati ipandapo kwa nyuzi 10, kasi ya pumzi hiyo huongezeka mara mbili au hata mara tatu. Basi tunda lililochumwa adhuhuri, likaachwa juani kando ya shamba likingojea gari, kisha likapakiwa lingali na hararati ya shambani, limekwisha kupoteza siku kadhaa za uhai wake kabla dereva hajawasha injini, na hakuna mashine ya garini itakayozirejesha. Sharti lifikishwe kivulini mara moja, likapozwe kwa upepo wa baridi ghalani hata moyo wake ukaribie nyuzi 5 au 6, ndipo lipande gari, ambalo nalo liwe limekwisha kupozwa. Tena tusidhani kuwa baridi ikizidi ndiyo heri, kwani parachichi ikishushwa mno hupata madoa meusi ngozini na nyama yake hugeuka rangi ya kijivu.

Ama upakiaji, hapo ndipo niaminipo kwamba hasara kubwa imejificha. Upepo wa baridi hutoka mbele, hupita chini ya dari mpaka mlangoni, hushuka, kisha hurudi mbele kwa kupenya sakafuni na baina ya kreti. Wapakizi wakijaza hadi darini, au wakiubana mzigo mlangoni, upepo hukata njia na kurudi upesi kwenye mashine kabla haujafika nyuma, na kipimajoto cha mashine, ambacho hupima upepo huo na wala si tunda, humwonyesha dereva namba njema ilhali nyuma mzigo unaungua. Kwa sababu hiyo zile za mlangoni ndizo zilainikazo kwanza.

Safari yenyewe ni ya takriban kilomita 700. Mzigo hutoka katika ubaridi wa nyanda za juu, ukateremka Kitonga na kuingia joto la Ruaha Mbuyuni, ukapita Mikumi na Morogoro hadi pwani, na kila kituo cha mizani humsimamisha dereva. Mashine izimwapo usiku ili kubana dizeli, mzigo huendelea kuvuta pumzi gizani, na joto lake halina pa kutokea. Wala mtu asichanganye parachichi na ndizi za Tukuyu ili kujaza nafasi: ndizi huingia weusi chini ya nyuzi 13, na gesi inayotoka katika matunda yaanzayo kuiva huyahimiza mengine kuiva kabla ya wakati, nayo parachichi ingali na majuma kadhaa ya bahari mbele yake.

Nawaombeni nyote, wenye maghala, wenye magari na wanunuzi, kwamba kabla ya milango kufungwa Njombe, kipimajoto kichomwe ndani ya nyama ya tunda lenyewe, mbele, katikati na mlangoni, na namba hizo ziandikwe katika hati ya mzigo mkulima na dereva wakiwa wamesimama hapo hapo, na kila mmoja atie sahihi yake.