Majilio: Tumaini Linalouliza

Hotuba iliyotolewa katika ibada ya shukrani ya miaka mia moja ya Usharika, Jumapili ya tatu katika Majilio



Nimepewa heshima ya kusema juu ya tumaini. Ni jambo la kushukuru kwamba sherehe yetu imeangukia wakati wa Majilio, maana aadhimishaye miaka mia moja hujaribiwa kutazama nyuma tu, na Majilio hutugeuza uso tutazame mbele. Neno lenyewe limetokana na kitenzi kuja. Kabla ya kutaja wajibu wetu sisi tungojao, lataja kazi yake Yeye ajaye.

Katika mpangilio wa kale wa masomo ambao Walutheri waliurithi, Jumapili ya tatu husomwa habari za Yohana Mbatizaji akiwa gerezani, katika Mathayo sura ya 11. Huyu ndiye aliyemtangaza Masihi kando ya Yordani. Sasa amefungwa, naye awatuma wanafunzi wake wakamwulize Yesu kama kweli ndiye, au kama yupo mwingine wa kutazamiwa. Yesu hamkemei. Ampelekea habari ya mambo yanayoonekana na kusikika: vipofu wapata kuona, viwete watembea, maskini wahubiriwa. Kisha amsifu Yohana mbele ya makutano. Hapo twajifunza mambo mawili: tumaini la Kikristo halikatazi swali, na jibu la swali hilo huja kwa matendo yanayoweza kushuhudiwa.

Wazee wetu hapa mlimani walilijua swali hilo. Misioni ya Leipzig ilianza kazi Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Wakati huo Kilimanjaro haikuwa na mchungaji mwenyeji hata mmoja; wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Fikirini Majilio ya mwaka ule wa 1920. Je, atakuja mtu? Na akija, atakuwa nani? Walimu na wazee hawakuweza kujua. Hata hivyo waliendelea kuwafundisha watoto na kuwakusanya watu kwa sala. Katika miaka iliyofuata walifika wamisionari wa Augustana kutoka Marekani kusaidia, na baadaye wale wa Leipzig wakaruhusiwa kurudi. Waliofika walikuta Kanisa lililo hai. Usharika wetu ni tunda la kungoja kwa namna hiyo, kungoja kwa watu wasioiacha kazi.

Nasi je? Desemba yetu ina shughuli nyingi. Mabasi hupandisha wana na binti zetu kutoka Dar es Salaam na Arusha. Nyumba za kihambani hupakwa rangi, ndoa hufungwa, mbuzi hutafutwa mapema. Nyimbo za Krismasi huanza kuimbwa kabla ya mshumaa wa pili kuwashwa. Kufurahi si dhambi. Lakini tukiyaruka Majilio, twawanyima nafasi wale ambao swali la Yohana ni lao. Yuko mama ambaye kila mwaka hufagia ua akimngoja mwana asiyepiga hata simu. Yuko kijana mwenye cheti mkononi na asiye na kazi. Yuko mgonjwa ambaye ameombewa na hajapona. Kwa hao, shangwe isiyotanguliwa na kungoja ni kama arusi ya jirani: ngoma waisikia, lakini hawakualikwa.

Ibada ya Majilio huwawekea hao kiti. Zambarau iliyo madhabahuni, toba, na maombi yetu kwamba Bwana aje, vyote vyakiri hadharani kwamba dunia haijawa kama itakavyokuwa. Mwenye uchungu hahitaji kujifanya ameridhika ndipo aruhusiwe kuabudu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa karne yetu ya pili. La kwanza, Jumapili hizi nne zilindwe: pawe na kimya, na katika maombi ya Kanisa wakumbukwe wasiorudi na wanaowangoja. La pili, kila mtaa, kabla ya Krismasi, utume mzee mmoja na kijana mmoja kwenye nyumba isiyotarajia mgeni. Wakae, wasikilize, wasali, na wasiende mikono mitupu. Yohana alipouliza, wajumbe wake walikuwa na la kumsimulia, kwa kuwa walikuwa wameona na kusikia. Anayeuliza leo miongoni mwetu naye apate wajumbe wenye la kumwambia.

Bwana ajaye na autunze Usharika huu, na atukute kazini. Amina.