NANI ATATUSEMEA TAJIRI AKIFILISIKA?

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa Fumba mbele ya wanachama na wapenzi wa chama. Tunayachapa kama yalivyosomwa.

Ndugu zetu wa Fumba, Bweleo, Dimani na Nyamanzi,

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo mtu akilisikia jina lake tu hupiga miayo: kuwafunza wanasheria wa Serikali sheria ya kufilisika. Tunajua wako waliokuja hapa wakitaraji khabari za maji, za barabara, au za bei ya mwani. Nasi tungependa kuzungumza hayo. Lakini hebu tutazame pande za Nyamanzi. Ardhi ambayo babu zetu waliijua kwa miembe na mawe, leo imeota majumba ya ghorofa. Fumba imewekwa kuwa eneo huru la uchumi tangu 1992, na baada ya miaka mingi ya kungoja, mji mpya umesimama. Fedha nyingi za watu zimo ndani ya kuta zile. Penye fedha nyingi pana madeni mengi, na penye madeni mengi iko siku mmoja atashindwa kulipa.

Hatusemi kwamba kampuni yoyote iliyopo hapa imo khatarini. Asije mtu kesho akaeneza mjini kwamba tumesema hivyo. Tunachouliza ni hiki: siku hiyo ikifika, iwe kwa kampuni hii au ile, Serikali yetu itampeleka nani mahakamani?

Tutunge mfano. Kampuni ya ujenzi, tuite Kampuni Fulani, imeanza majumba matatu, imemaliza moja, na fedha zimekwisha. Benki inaidai na imeshika rahani. TRA inaidai kodi ya mapato. ZRA inaidai kodi ya ongezeko la thamani. Kiwanda cha ng'ambo kinadai bei ya lifti. Fundi seremala wa Bweleo anadai fedha za milango arubaini. Mama anayewapikia vibarua anadai wali wa miezi miwili. Vibarua wenyewe wanadai mishahara. Na yuko ndugu yetu aliyeko Maskati ambaye amekwisha lipa nusu ya bei ya nyumba isiyokuwa na paa. Mali iliyobaki, ikiuzwa yote, haitoshi hata nusu ya madeni.

Nani alipwe kwanza? Mtu wa kawaida atajibu: alipwe mnyonge. Sheria haisemi hivyo. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza inaanza na mwenye rahani juu ya kitu maalumu. Huyo hukishika kitu chake. Khalafu hutolewa gharama za ufilisi wenyewe. Khalafu huja wale waliopewa upendeleo na sheria, nao ni wafanya kazi kwa sehemu ya mishahara yao na Serikali kwa sehemu ya kodi. Baada ya hao ndipo hupangwa kundi kubwa la wadai wasio na dhamana, nao hugawana kilichobaki kwa kadiri ya madeni yao. Wenye hisa wako mkiani. Seremala wetu yumo katika lile kundi kubwa. Na ndugu wa Maskati pia yumo humo, pamoja na mikataba yake yote yenye mihuri, ikiwa nyumba haijasajiliwa kwa jina lake na fedha zake hazikuwekwa mahali pa amana.

Hapa ndipo mwanasheria wa Serikali anapoingia, na hapa ndipo ujinga unapogharimu. Mwanasheria aliyezoea kesi za kawaida, akiambiwa Kampuni Fulani inadaiwa kodi, atafungua madai kama alivyofundishwa. Lakini mahakama ikisha amuru kampuni ifilisiwe, kesi za kawaida husimama. Hapana ruhusa ya kushitaki ila kwa idhini ya mahakama. Kinachotakiwa ni kuthibitisha deni mbele ya mfilisi, kwa hati yake na kwa muda wake. Yeye atahangaika na kesi isiyokubaliwa, na huku siku za kuthibitisha deni zinapita. Tatizo halikuwa uvivu, kwani alifanya kazi usiku na mchana, ila mlangoni alikosea. Na fedha alizozikosa ni za dawa hospitalini na madawati skuli.

Liko jambo la pili ambalo halionekani mpaka mtu afunzwe kulitafuta. Tajiri anayejua kwamba mashua inazama hupakua mizigo usiku. Humlipa shemeji yake deni lote, huku seremala akiambiwa aje wiki ijayo. Gari la kampuni huandikwa jina la mtoto. Sheria inampa mfilisi uwezo wa kurudi nyuma, mara nyingi miezi sita, na malipo ya namna hiyo yakavunjwa, mali ikarudi katika fungu la wote. Lakini nani atamwambia mfilisi atazame huko? Lazima awepo mtu anayeweza kusoma daftari la hesabu kama anavyosoma kifungu cha sheria. Mwanasheria wa Serikali asiyejua hesabu za biashara, katika ufilisi ni kipofu aliyeshika taa.

La tatu ni ardhi. Kwa Sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Unguja na Pemba ni ya umma chini ya Serikali, na mwekezaji hupewa kwa kukodi. Ndiyo kusema Serikali si mdai tu; Serikali ndiyo mwenye ardhi. Kampuni Fulani ikianguka, atatokea mkubwa afisini aseme: tuichukue ardhi yetu leo leo. Maneno hayo matamu masikioni. Lakini ukivunja mkataba wa kukodi kwa pupa, umewaangusha pamoja na kampuni wale wote walionunua nyumba juu ya ardhi hiyo. Ukikawia mno, benki yenye rahani itauza kwa ambaye hukumtaka. Baina ya pupa na kukawia iko njia, na njia hiyo haijulikani kwa kubahatisha. Sheria ya Kondominiam ya 2010 inampa mnunuzi hati ya sehemu yake ya ghorofa, lakini hati hiyo huja baada ya jengo kusimama na kusajiliwa. Aliyelipa kabla ya hapo anasimama juu ya ubao uliowekwa juu ya mtaro.

Wenzetu wa Dubai walikwisha liona hilo. Walitunga Sheria namba 8 ya 2007 inayowalazimisha wajenzi waweke fedha za wanunuzi katika akaunti ya amana, zitolewe kwa kadiri jengo linavyopanda. Mwaka uliofuata msukosuko wa dunia ukafika huko, miradi mingi ikasimama. Sheria haikumwokoa kila mtu, lakini fedha zilizokuwa ndani ya amana zilikuwa na ulinzi ambao fedha zilizokwisha ingia mfukoni mwa mjenzi hazikuwa nao.

Ndugu zetu, sisi watu wa Visiwa hivi si wageni wa madeni. Wazee wetu walisimulia habari za miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka na mashamba mengi yakawa yamewekwa rahani. Rahani za wakati ule zilikuwa za bei khiyari: mtu anauza shamba kwa sharti ya kulirejesha akilipa, na asipolipa limekwenda. Serikali ya Kiingereza ilipoona mashamba yanahama kwa wenyewe, ikatoa amri mwaka 1934 ya kuzuia ardhi isiuzwe ila kwa idhini, na madai ya madeni yakasimamishwa. Mwaka 1937 ikatoa amri za biashara ya karafuu, wafanya biashara wa Kihindi wakagoma kununua, na India nayo ikazisusia karafuu zetu mpaka walipopatana 1938. Mwaka huo huo ndipo ilipotoka amri ya kuyahesabu na kuyasuluhisha madeni ya wenye mashamba. Tazameni mpangilio: zuio kwanza, kuhesabu madeni baada ya miaka minne. Na tuseme la haki, wengi katika matajiri waliokopesha nao walikuwa wakidaiwa na wakubwa wao. Lilikuwa fundo moja, na hapakuwa na aliyefunzwa kulifungua.

Khabari ya karibu zaidi ni ya Tegeta, huko Dar es Salaam. Kampuni ya IPTL ilikuwa ikiiuzia umeme TANESCO. Mmoja wa wenye hisa aliomba mahakama iifilisi mwaka 2002. Mwenye hisa mwingine, kampuni ya Malaysia, baadaye naye akaingia mikononi mwa wafilisi huko kwao. Deni la benki likanunuliwa na Standard Chartered ya Hong Kong. TANESCO ikabisha kiasi ilichotozwa, na fedha za ubishi zikawekwa Benki Kuu katika akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2006. RITA, wakala wa ufilisi wa Serikali, akawekwa kuwa mfilisi wa muda mwaka 2008. Septemba 2013 shauri likafungwa, na kabla ya miezi mingi kupita fedha zikatoka. Novemba 2014 Bunge lilitikisika, na Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu. Mwaka 2016 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikaiamuru TANESCO iilipe ile benki zaidi ya dola milioni 148.

Tunaisimulia kwa sababu moja. Ubaya wa watu katika jambo lile umekwisha zungumzwa sana. Lakini tazameni mafaili: ufilisi Dar es Salaam, ufilisi Malaysia, mdai Hong Kong, kesi ng'ambo, na amana Benki Kuu. Nani katika afisi za Serikali aliyekuwa na kazi ya kuyasoma yote matano kwa pamoja? Wawekezaji wa Fumba nao wana makao nchi mbali mbali, na mali na madeni yao yako hivyo hivyo.

Na kwetu Unguja fundo lina uzi mmoja zaidi. Mabenki ni jambo la Muungano. FBME ilipofutiwa leseni tarehe 8 Mei 2017, mfilisi alikuwa Bodi ya Bima ya Amana, chombo cha Muungano. Lakini usajili wa makampuni si wa Muungano: Bara ni BRELA, kwetu ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na kampuni zetu ziko chini ya Sheria yetu ya 2013 na Mahakama Kuu yetu. Kodi ya mapato ni ya Muungano. Ardhi ni yetu. Basi katika mkutano mmoja wa wadai wa Kampuni Fulani watakaa wanasheria wa Serikali mbili, na kila mmoja ana sheria yake mkononi. Wasipojuana kabla ya siku hiyo, watashindana wao kwa wao, na wakili wa benki atacheka.

Wako wanaosema kesi za kufilisika ni chache, ya nini kupoteza fedha kuwafunza watu? Hakuna angojaye nyumba ishike moto ndipo amfunze zimamoto kuunganisha mpira wa maji. Kenya ilitunga Sheria yake mpya ya ufilisi mwaka 2015, na miaka michache baadaye Nakumatt, duka lililokuwa kubwa kuliko yote nchini, likafa na madeni ya mabilioni ya shilingi. Marekani, wanasheria wakuu wa majimbo wana chama chao kinachowafunza wanasheria wao mambo ya kufilisika, kwa kuwa wameona makampuni yanayoshitakiwa na dola hukimbilia mahakama ya ufilisi kama mtu akimbiliavyo msikitini. Kampuni ya dawa ya Purdue ilifanya hivyo 2019, na majimbo yalisimama ndani ya shauri lile miaka kwa miaka.

Mafunzo yenyewe hayahitaji kupeleka watu London. Chuo Kikuu cha Zanzibar kiko Tunguu, na si safari ndefu kutoka hapa. Skuli ya Sheria tunayo. Wahasibu tunao. Wanasheria kumi wa Afisi ya Mwanasheria Mkuu wakae miezi mitatu na mhasibu na mfilisi aliyewahi kufilisi kampuni ya kweli, wasome daftari la kweli, waandike hati ya kuthibitisha deni, waendeshe mkutano wa wadai wa kuigiza. Wasisahau mlango wa muflisi katika fikihi, kwani mafakihi walikwisha pima zamani baina ya haki ya mdai na huruma kwa mdaiwa aliye mkweli. Na wadaiwa wakweli wapo, ambao kwao ufilisi ni mlango wa kuanza upya wala si fedheha. Khalafu wafungwe kwa mkataba wa miaka kadhaa kazini, maana tunajua anayefunzwa leo huitwa kesho na afisi ya mawakili kwa mshahara mara tatu. Kama Serikali haitaki kuwafunga, basi iwalipe.

Tunawaomba wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi waulize katika kikao kijacho mambo mawili: ni wanasheria wangapi wa Serikali waliofunzwa ufilisi, na fedha za wanunuzi wa nyumba za Fumba zimewekwa wapi kabla hati hazijatoka. Majibu yatachapwa katika gazeti hili, na yasipotolewa tutachapa hilo pia.

Sasa tutapokea maswali. Wenye mikataba na risiti za malipo, tafadhali msizisome hadharani. Tutakaa chini ya mwembe pale baada ya sala ya Alasiri tuzitazame mmoja mmoja.