MRABA MMOJA, BLANKETI MOJA
Mada iliyotolewa mbele ya akina mama wa usharika katika maadhimisho ya miaka 100



Kitabu cha Matendo ya Mitume kinamtaja mwanamke wa Yafa aitwaye Tabitha, yaani Dorkasi. Hakuna neno lake hata moja lililohifadhiwa. Lakini alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea. Ushuhuda wa maisha yake ulikuwa mishono yake. Kazi ya sindano, basi, ina mahali pake katika historia ya Kanisa, na leo yafaa itazamwe sura yake moja: kushona blanketi la viraka kwa pamoja.

Katika sharika nyingi za Marekani kazi hiyo hufanyika hivi. Kikundi hukubaliana kielelezo kimoja na kipimo kimoja. Kila mmoja huenda nyumbani na viraka vyake, akashona mraba mmoja kwa juma au kwa mwezi, akienda hatua moja na wenzake ijapokuwa hawaketi chumba kimoja. Mwishoni miraba hukusanywa, hupangwa sakafuni, na kuunganishwa kuwa uso mmoja. Chini ya uso huo huwekwa tabaka la kutia joto, na chini yake bitana. Tabaka zote tatu hushikamanishwa kwa mishono, au kwa mafundo ya uzi imara.

Desturi hii ni kongwe. Katika jiji la Baltimore, miaka ya 1840, wanawake walishona mablanketi ya kumbukumbu ambayo kila mraba ulikuwa na picha yake: maua, ndege, au kikapu cha matunda. Miraba mingi iliandikwa jina kwa wino. Baadhi ya mablanketi hayo yalitolewa zawadi kwa wachungaji, na mengine yamehifadhiwa hadi leo katika majumba ya makumbusho. Wanawake wa wakati ule hawakuwa na haki ya kupiga kura nchini mwao, lakini majina yao yamesalia kwenye kitambaa.

Ugumu wa kazi hii uko katika kipimo. Mraba utakaokuwa wa inchi 12 hukatwa ukiwa na inchi 12 na nusu, kwa kuwa kila ukingo robo inchi humezwa na mshono. Robo hiyo haionekani tena, lakini ndiyo inayoshika kila kitu. Ikiwa mraba una viraka vitano kwa upande, una mishono minne. Kila mshono ukila zaidi kwa sehemu ya nane tu ya inchi, mraba mzima hupungua nusu inchi. Miraba sita ya namna hiyo ikiwekwa sambamba, pengo ni inchi tatu. Kosa lililofanywa nyumbani, pasipo mtu wa kuliona, hudhihirika siku ya kuunganisha.

Siku hiyo ndiyo hukipima kikundi. Mraba wa mwenzao umepungua: wafanyeje? Wapo ambao wangeutupa, na mwenye mraba asirudi tena. Wapo ambao wangeuvuta kwa nguvu ulingane na mingine, na blanketi likajikunja milele. Washonaji wenye hekima huketi na mwenzao, wakafumua uzi taratibu bila kuchana kitambaa, wakapiga pasi, wakashona upya. Huchukua muda. Lakini kitambaa hakikuwa na hatia, wala mshonaji hakuwa adui. Usharika wowote uliotimiza miaka 100 umewahi kukutana na mraba uliopungua. Na wako waliotupwa ilhali ilitosha kufumua.

Tena, mshonaji hamjui atakayefunikwa. Shirika la misaada la Walutheri wa Marekani, Lutheran World Relief, lilianzishwa mwaka 1945 kuwasaidia watu wa Ulaya walioharibiwa na vita. Kwa miaka mingi wanawake wa sharika wamelipelekea mablanketi ya viraka, yenye upana wa inchi 60 hivi na urefu wa inchi 80, kwa ajili ya wakimbizi na watu waliopatwa na maafa. Tanzania ni mojawapo ya nchi yalikofika. Blanketi moja huwa tandiko usiku, mbeleko ya mtoto mchana, na pazia la kugawa hema ili familia ipate faragha. Aliyeshona hakuyaona hayo. Alikuwa na mabaki ya magauni na mashuka, na kipimo alichopewa, akawa mwaminifu.

Haba na haba hujaza kibaba. Usharika huu nao ulishonwa hivyo. Wapo waliobeba mawe na maji ya ujenzi, waliopika siku za mikutano, waliofundisha watoto Jumapili, waliowauguza wageni wa Injili. Majina ya wachungaji yameandikwa katika vitabu. Ya wengi wa hawa yamo mdomoni mwa vikongwe wachache tu, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo, kabla mwaka huu wa jubilei haujafungwa, kila jumuiya na iketi na bibi zake wangali hai, iwaulize ni akina nani, na ayaandike majina yao yeyote ajuaye kushika kalamu. Miraba hiyo imeshikilia blanketi kwa miaka 100. Inastahili wino.

Mungu alibariki Kanisa lake, na kazi ya mikono ya watu wake aithibitishe. Amina.