Gari la Ujiji Lisiishie Mwanga

(Maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana, Kigoma mjini. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

 

Nianze na jana. Nimetoka mjini saa mbili kasoro usiku, nimepanda Hiace, kibao kimeandikwa Ujiji. Tumefika Mwanga, konda anagonga bati: "Mwisho wa gari, shukeni, tunageuza." Hakuna aliyebisha. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akashuka, akaanza kupatana bei na bodaboda. Hata mimi nilishuka kimya, na mimi ndiye ninayesoma sheria! Usiku sikulala vizuri kwa sababu ya kile kimya.

Sasa ngoja niseme nilichopaswa kumwambia yule konda. Gari la abiria haliingii barabarani kwa hisani ya mtu. Lina leseni ya LATRA, na leseni inataja njia, linaanzia wapi na linaishia wapi. Kukatisha ruti ni kuvunja masharti ya leseni hiyo. Nauli nayo ina kikomo. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 kwenda 600. Ukishushwa Mwanga, 600 yako imenunua kipande cha safari, na kilichobaki unakinunua upya, kwa bei ya usiku.

Mama yangu ananunua dagaa Kibirizi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mitumbwi inarudi alfajiri, na anayechelewa anakuta wazuri wameshaondoka. Kwa hiyo saa kumi na moja anatakiwa awe mwaloni. Kutoka Ujiji saa hiyo daladala haipo. Anapanda boda, shilingi elfu tatu, kabla hajagusa hata ndoo moja. Kurudi ana mzigo, analipa tena. Nimewahi kukaa naye tukapiga hesabu ya mwezi mzima kwenye daftari langu la shule. Aliangalia jumla, akafunga daftari, akasema twende tukalale.

Hebu tuwe wakweli kuhusu dereva pia. Yule anadaiwa hesabu na tajiri kila siku. Jioni abiria wa Ujiji wanapungua, na akifika kule anarudi na viti vitupu. Ukimpiga faini tu, kesho atapaki gari saa kumi na mbili na tutakuwa tumeharibu zaidi. Ndiyo maana mimi siombi faini peke yake. Naomba halmashauri imsamehe ushuru wa stendi dereva anayefika Ujiji mpaka saa tatu usiku, na yule wa kwanza wa alfajiri anayekwenda Kibirizi. Hilo liko ndani ya uwezo wa madiwani. Katiba, Ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi tuanze na madaraka ya kufika nyumbani.

Na tujue mlango wa kugonga, maana tumezungushwa sana. Leseni na nauli ni LATRA. Barabara za mitaa ni TARURA. Stendi, vituo na sheria ndogo ni halmashauri. Lipo pia baraza la watumiaji wa usafiri lililoanzishwa na Sheria ya LATRA ya 2019, kazi yake ni kusema kwa niaba ya abiria. Nani hapa ameshawahi kulipelekea malalamiko? ... Hakuna. Hata mimi sijawahi.

Kuna watu watasema Kigoma ni pembezoni, tusubiri. Tusubiri nini? Reli ya Kati ilifika hapa 1914. Liemba ilijengwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa na kuingia majini 1915. Wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga kwa maelfu, meli hiyo hiyo ndiyo iliyowatoa kule kuja Kigoma. Usafiri kwetu siyo jambo geni. Ila mgonjwa anayetoka Kagunga leo kwa boti, akishuka Kibirizi usiku, kufika Hospitali ya Maweni anategemea pikipiki, mfukoni akiwa na kilichobaki baada ya nauli ya ziwani.

Hapa najua baadhi yenu mtaguna, lakini nitasema. Halmashauri hii ilikuwa mikononi mwa chama chetu, 2015 mpaka 2020. Ukienda Ujiji kuomba kura, mtu atakuuliza: mlipokuwa nayo? Kumjibu "tulibanwa" hakumpandishi mtu kwenye gari. Lakini kipo cha kukumbuka. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa moja ya serikali 15 za ngazi ya chini duniani za kujaribu mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa. Sawa. Ila kubandika karatasi stendi hakuhitaji mkataba wa kimataifa. Karatasi moja: gari hili, njia hii, nauli hii, saa za kwanza na za mwisho, namba ya kulalamika. Abiria akiwa na karatasi hiyo ukutani, konda hatagonga bati kirahisi.

Kwa wiki mbili kuanzia kesho, kila mmoja wetu akishushwa njiani aandike tarehe, saa, namba ya gari, aliposhushwa na alicholipa zaidi. Hakuna matusi, hakuna kumpiga picha konda na kumrusha mtandaoni, naye ni kijana kama sisi. Zikifika mia moja nitaandika barua, nakala kwa LATRA, baraza la watumiaji na mkurugenzi wa manispaa. Mgongano wa kwanza nitaubeba mimi.

Daftari lipo mlangoni. La jana nimeshaliandika, ni namba moja. Wa Kibirizi bakini kidogo, tupange nani ataamka saa kumi na moja.