Ujira wa Kijana Mgeni Shambani

Jioni ya leo nataka kusema nanyi juu ya ujira wa kijana anayeingia katika kazi ya shamba kwa mara ya kwanza. Sisemi juu ya shamba la baba yake, ambalo akilima atakula. Nasema juu ya shamba la mwajiri, penye nyapara, karani na daftari. Nimechagua shamba la mkonge, kwa kuwa ndilo nilijualo, na kwa kuwa wengi wenu mnakaa karibu nalo, tangu Muheza na Korogwe mpaka Kilosa. Lakini mwenye kufanya kazi katika chai au miwa ataona kwamba habari ni ile ile.

Mpwa wangu mmoja aliandikwa kazi ya kukata mkonge alipokuwa na umri wa miaka 19. Alikuwa kijana mwenye nguvu, na siku ya kuondoka nyumbani alijitwika mzigo wake akiimba. Baada ya majuma matatu alirudi. Viganja vyake vilikuwa vimechomwa na miiba, na fedha aliyokuwa nayo mfukoni haikufika nusu ya ile waliyopata wenzake. Mama yake, yaani dada yangu, alimwuliza kama amecheza kamari. Kijana hakujibu. Jioni alinijia barazani akasema, "Shikamoo mjomba. Kila siku nilikuwa wa kwanza kuingia shambani na wa mwisho kutoka. Sijui nimekosa nini."

Nikamwambia kwamba hakukosa neno ila moja, nalo ni ugeni.

Watu wasioijua kazi hii hudhani kwamba kukata mkonge kwataka mkono wenye nguvu tu. Sivyo. Mkataji huchagua majani ya chini yaliyokomaa, akayaacha ya juu ya kutosha ili mmea usidhoofike. Hukata karibu na shina bila kulijeruhi shina. Kisha huuondoa mwiba ulio kwenye ncha, akayafunga majani 30 kuwa tita moja, akalipeleka tita penye njia lichukuliwe. Kisu kikiwa butu, atapiga mara tatu mahali pa kupiga mara moja, na adhuhuri mkono utakuwa umekufa ganzi. Haya yote mzoefu huyafanya bila kufikiri, kama wewe unavyofunga kamba za viatu. Mgeni hufikiri kila jani.

Na shamba halina subira. Katika kilo 100 za majani hupatikana kilo zipatazo 4 tu za katani, nayo majani hayafai kulala sana baada ya kukatwa, maana yakikauka mashine ya korona huyasafisha kwa shida. Kwa hiyo nyapara huhesabu matita, wala hahesabu jasho.

Sasa ninyi wanafunzi, chukueni kalamu. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika katika Tanzania Bara tarehe 1 Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kazi za kilimo. Ile ya mwaka 2013 ilikuwa shilingi 100,000. Gawanyeni 140,000 kwa siku 26 za kazi, mtapata shilingi 5,384 na kitu kidogo kwa siku. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba shamba limepanga mkataji akate matita 100 kwa siku, na kila tita ni shilingi 54. Mzoefu akimaliza atapata shilingi 5,400. Mgeni katika juma la kwanza anakata matita 40. Atapata shilingi 2,160. Kwa siku sita, mzoefu ana 32,400, na mgeni ana 12,960. Wote wawili wamelala kambi moja na kula unga wa bei moja, na yule wa pili amekaa juani saa nyingi zaidi. Kima kinachoitwa cha chini, yeye yupo chini yake.

Labda mmoja wenu atasema, "Ni haki. Aliyekata kidogo alipwe kidogo." Neno hili lina kweli ndani yake, nami sitaki kulipuuza. Mwajiri hawezi kuuza katani ambayo haikukatwa. Lakini tuulize: je, kipimo cha matita 100 kilipimwa kwa mkono wa nani? Kilipimwa kwa mkono wa mtu wa miaka mitano kazini. Na je, shamba halimhitaji mgeni? Lamhitaji sana, kwa kuwa wazee huchoka, na hao vijana wakikimbia wote baada ya majuma matatu, kama alivyokimbia mpwa wangu, hapana atakayekata mwakani. Basi siku zile za kujifunza zina faida kwa shamba pia, bali gharama yake yote ametwikwa kijana.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni katika nchi hii. Daktari Hindorf, Mjerumani, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893. Katika miche 1,000 ikafika hai 62 tu. Nayo haikudaiwa katani mwaka ule ule. Hata leo mwenye shamba hupanda mkonge, hupalilia, hulipa watu, akangoja karibu miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza, wala haoni kwamba amedhulumiwa na mche. Sijui kwa nini mche upewe miaka mitatu, na mtoto wa mtu asipewe hata miezi mitatu.

Wengine hutoa hoja nyingine, nayo ni kongwe: kwamba kijana hana mke wala watoto, kwa hiyo hana haja ya fedha nyingi. Zamani za Waingereza hoja hii ilikuwa ndiyo msingi wa mishahara yote ya Waafrika, vijana na wazee. Huko Kenya, kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilitoa taarifa yake mwaka 1954, ikakiri kwamba mshahara ulikuwa umekadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume peke yake, ambaye mkewe na wanawe hulishwa na shamba la kijijini. Nanyi mnajua kwamba kijana asiye na mke aweza kuwa ndiye anayemlipia dada yake sare na madaftari. Na hata kama hana wa kumlisha, anauza kazi, wala hauzi shida zake.

Wazee wanaonisikiliza watakikumbuka kipande, au watakuwa wamesimuliwa na baba zao. Mfanyakazi alipewa karatasi yenye nafasi 30. Siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa, nafasi moja hutiwa alama. Siku asiyomaliza, nafasi hubaki nyeupe. Mshahara hulipwa nafasi zote 30 zikijaa. Kwa mjuzi lilikuwa jambo la majuma matano au sita. Kwa mgeni aliyetoka mbali, Songea au Kigoma, ambaye kila siku kazi ilimshinda kidogo tu, kipande kiliweza kukawia sana, na mshahara ukakawia nacho. Kipande kimekwisha siku nyingi. Lakini nilipotazama karatasi ya matita ya mpwa wangu, nilikiona tena.

Sasa yupo wapi pa kushika? Katika Tanzania Bara ipo Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani na unahesabiwa vipi. Angalieni maneno hayo ya mwisho. Kijana asiulize tu, "Nitapata ngapi?" Aulize, "Itahesabiwaje, na nisipomaliza itakuwaje?" na jibu liandikwe. Saa za kawaida hazipiti 45 kwa juma. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Mwenye miaka 14 hupewa kazi nyepesi tu isiyomzuia shule. Na wa chini ya miaka 18 hawekwi penye hatari, na mashamba yametajwa humo waziwazi. Kwa hiyo wewe mwanafunzi wa darasa la saba uliyeahidiwa kisu cha mkonge wakati wa likizo, jibu lako umelisikia. Mwenye madai ya mshahara aweza kuyapeleka mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asingoje mwaka: muda uliowekwa ni siku 60. Na kima cha chini hubadilishwa. Amri nyingine ilianza Januari 2026, basi ulizeni tarakimu zake kwa ofisa wa kazi au kwa chama cha wafanyakazi, msitegemee zile nilizozitumia katika hesabu yetu.

Upo upungufu mmoja ambao nitausema bila kuficha. Amri ile ya mwaka 2023 iliweka kima kimoja kwa kazi za kilimo, kana kwamba shamba zima lina kazi moja. Jirani zetu wa Kenya, katika amri yao ya mishahara ya kilimo, wametenga viwango: asiye na ufundi ana chake, mchungaji na mlinzi wana chao, fundi wa shamba chake, dereva wa trekta chake, na kadhalika. Sisemi kwamba mishahara yao ni mikubwa. Nasema kwamba kijana wa Kenya akiisoma karatasi ile aona ngazi, na aweza kuuliza vidato vyake. Wa kwetu aona sakafu tu.

Kisha kuna jambo ambalo halimo katika amri yoyote. Mpwa wangu alipokubali kurudi kazini, mzee mmoja mkataji alimchukua, akamketisha chini, akamfundisha kwanza kunoa kisu. Siku nzima ya kwanza alimfundisha kunoa na kufunga tu. Juma la pili kijana alifika matita 70, na kabla ya mwezi kwisha alifika 100. Lakini kila saa aliyoitumia mzee kumwelekeza kijana, matita yake mwenyewe yalipungua, na karani hakuwa na safu katika daftari ya kuandika "amefundisha". Mahali ambapo kila mtu hulipwa kwa tita, mwenye ujuzi hawezi kumfundisha mwenzake ila kwa kupunguza chakula cha wanawe. Ndiyo maana wageni wengi hawafundishwi, kisha husemwa kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu.

Kama ningeulizwa na mwenye shamba, ningemwomba mambo machache tu. Mgeni apewe siku zilizohesabiwa, tuseme 30, ambazo atalipwa kima kamili hata matita yakipungua. Na anayemfundisha alipwe kwa kufundisha. Baada ya hapo kipimo kiwe kimoja kwa wote. Na kijana aonyeshwe mapema kwamba kutoka kisu aweza kwenda kwenye korona, au chumba cha brashi, au karakana, na kila mahali mshahara wake umeandikwa. Yule aliyejifunza ufundi kazini bila shule aweza pia kupimwa na VETA na kupewa cheti.

Mpwa wangu sasa yupo kwenye korona. Mwisho wa mwezi wake wa kwanza wa matita 100 hakuniletea mimi kitu, wala sikukasirika. Alikwenda sokoni akamnunulia mzee yule kisu kipya na jiwe la kunolea.

Muda wangu umekwisha. Kwaherini.