Mtoto Hakuichukia Skuli, Amenyamazishwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee wa Msamvu, Morogoro)



Twaomba radhi kwanza. Sisi si walimu. Tulisoma chuoni juu ya mkeka, na riziki yetu twaitafuta dukani. Lakini duka letu limeelekea stendi, na mwenye duka huwaona watoto wa mji hata katika saa ambazo ingelipasa mwalimu awe nao.

Yasemwa kila baraza kwamba vijana wa leo hawataki kusoma. Simu zimewapumbaza, mpira umewaharibu, adabu imewatoka. Nasi tulikuwa tukisema hayo hayo, mpaka yalipotufika haya tutakayowasimulia.

Kijana mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa akinunua madaftari kwetu. Baadaye tukawa twamwona saa nne za asubuhi, amebeba maji na karanga, akiyakimbilia mabasi ya Dodoma na ya Iringa. Tukamwita, tukamkaripia. Hakujibu neno, akatoa mfukoni karatasi ya mtihani wa hisabati. Alipata alama mbili katika mia. Tukastaajabu, maana kijana huyu hakosei chenji hata abiria wanne wakimnyooshea noti kwa pamoja na basi linaondoka. Tukamwomba abiria mmoja atufasirie swali moja. Lilikuwa hili: mfanyabiashara amenunua bidhaa kwa shilingi 8,000, akaiuza kwa shilingi 10,000, faida yake ni asilimia ngapi? Abiria hajamaliza kusema, kijana akajibu, "Ishirini na tano, mzee." Kisha akaitazama ile karatasi, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndilo walilokuwa wakiniuliza?"

Ndugu zetu, tangu siku hiyo hatuwezi tena kusema kwamba mtoto yule hapendi elimu.

Tangu mwaka 1967 nchi hii imewafundisha watoto wa msingi kwa Kiswahili. Mtoto husoma miaka yote ya msingi akiuliza na kujibu. Aingiapo Kidato cha Kwanza, masomo yote humgeukia kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na machache mengine. Aliyekuwa msemaji huwa bubu. Hunakili ubao asioufahamu, huchekwa akikosea, na mwisho huona afadhali stendi, ambako akisema husikilizwa.

Wala khabari hii si ngeni kwa wakubwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, Serikali ikakataa. Sera ya mwaka 2014 ikaahidi Kiswahili katika ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023 likairejesha sekondari kwenye Kiingereza. Na katikati ya ahadi hizo yakatoka matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, ambamo watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Mwezi Mei 2013 matokeo yakapangwa upya, sifuri zikapungua. Sisi wauza sukari twaijua kazi hiyo: mizani imebadilishwa, na mzigo ni ule ule.

Haki isemwe: Januari 2016 ada za sekondari ziliondolewa mpaka Kidato cha Nne, na jambo hilo ni jema. Lakini kumfungulia mtu mlango bila ya malipo, kisha usiseme naye kwa lugha aijuayo, si kumkaribisha.

Patakuwapo atakayetuuliza: mbona nyinyi mlisoma kwa Kiarabu msichokijua? Swali ni la haki. Tulihifadhi kwa Kiarabu, lakini mwalimu alipotufunza udhu, mirathi na haki za mnunuzi, alitueleza kwa Kiswahili, na tukauliza. Na tulilojifunza alasiri tulilitumia magharibi. Hata hivyo hatufichi kwamba bakora iliwakimbiza wenzetu wengi, na hatukuwarudisha.

Hapo pana sababu ya pili: elimu ya leo itatumika lini? Wazee mnakumbuka viwanda vya viatu, vya turubai na vya ngozi vilivyojengwa mjini kwetu. Mtoto alimwona kaka yake akitoka darasani akiingia kiwandani. Kufikia miaka ya 1990 vingi vilikuwa vimefungwa au vimedhoofika. Leo mtoto amwona kaka yake ana shahada naye yuko juu ya bodaboda. Mtoto ni mnunuzi. Bidhaa asiyoona kazi yake hatoi umri wake kuinunua.

Basi tunaitaka Serikali mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kifundishie mpaka Kidato cha Nne, na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na walimu wanaokijua. UNESCO imeiwekea lugha yetu siku yake, tarehe 7 Julai; haifai iheshimiwe Paris na ifukuzwe darasani Morogoro. Pili, walimu waliohitimu na kukaa majumbani waajiriwe.

Na sisi tujilaumu. Karanga alizozibeba yule kijana zilitoka katika duka letu. Tulimpa kwa mali kauli, tukapata faida, wala hatukumuuliza kwa nini hayuko skuli. Tangu siku ile hatumpi mtoto mzigo kabla ya saa za kutoka masomoni, na twawaomba wenye maduka wenzetu wafanye hivyo. Nanyi wazazi, jioni msimuulize mtoto amekuwa wa ngapi. Muulizeni amefahamu nini. Akinyamaza, msimpige. Kesho yake nendeni skuli mkaulize nyinyi.

Yule kijana bado yuko stendi. Tumempigia hesabu ya faida na hasara mara nyingi, na kila mara hutushinda.